Skripti imegoma kwenye Linux: irekebishe ukiwa hukohuko Windows

Juzi saa tatu usiku, kijana ninayefanya naye kazi hapa Sinza alinipigia: "Kaka, skripti ya bekapu imegoma kwenye seva, na kwangu inakubali vizuri tu." Data ni za duka la Kariakoo, mauzo ya siku nzima. Seva ilikuwa inajibu `Permission denied`.

Windows huitambua programu kwa mkia wa jina: .exe, .bat, .cmd. Linux haijali jina, inatafuta herufi x (ruhusa ya kuendeshwa) kwenye ruhusa za faili. Windows haina x hiyo, kwa hiyo skripti iliyozaliwa huko, Git (programu inayotunza matoleo ya kodi) huiandika kama faili la kawaida.

Hatua ya 1. Angalia Git imeandika nini:

`git ls-files -s bekapu.sh`

Ukiona 100644 (faili lisilo na x), tatizo ndilo hilo. Unataka 100755 (lenye x).

Hatua ya 2. Ukiwa palepale Windows:

`git update-index --chmod=+x bekapu.sh`

Kisha komiti (hifadhi mabadiliko) na kupushi (yatume). Kama faili ni jipya, tumia `git add --chmod=+x`. Usipoteze muda na `chmod` (amri ya kubadili ruhusa) ya Git Bash, dirisha la amri linalokuja na Git ya Windows; Git haitaona mabadiliko yoyote.

Hatua ya 3. Kwenye seva, `git pull`, halafu `ls -l`. Tafuta `-rwxr-xr-x`.

Wengi huruka yote haya, wakaingia kwenye seva na kupiga `chmod +x`. Itafanya kazi leo, ila seva mpya ikija mnaanza upya. Na tafadhali, 777 (ruhusa zote kwa kila mtu) acheni kabisa. Skripti inayoendeshwa na root (msimamizi mkuu wa seva) kila usiku, halafu mtumiaji yeyote wa seva anaweza kuiandika upya? Hapo umempa funguo za duka.

Hatua ya 4. Ruhusa ikikaa sawa, huenda ukakutana na `bad interpreter` yenye `^M`, au `required file not found`. Hiyo ni miisho ya mistari ya Windows. Weka hii kwenye `.gitattributes`, faili la mipangilio ya Git ndani ya mradi:

`*.sh text eol=lf`

Piga `git add --renormalize .` kisha komiti tena.

Mnaotumia WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), msijaribie chini ya `/mnt/c`, yaani diski C ya Windows. Kwa kawaida huko kila faili huonekana lina x, hata lisilonayo kwenye Git. Kijana wangu alidanganyika hapo hapo. Klonini (nakilini) mradi ndani ya `~`, folda yenu ya nyumbani ya Linux, mjaribu kutokea huko.