Kocha, jikague kabla hujakaa na timu

Siku niliposikiliza rekodi ya kikao changu mwenyewe cha kuikochi timu ya kazini, niliona aibu. Nilijihesabu msikilizaji mzuri, kumbe zaidi ya nusu ya maneno mle ndani yalikuwa yangu.

Hatua ya 1: Rekodi kikao kimoja. Omba ruhusa kwa wote. Sauti tu yatosha. Ukisikiliza, shika kalamu. Kila ulipouliza, andika S. Kila uliposhauri, andika U. Usijidanganye: "Huoni ingekuwa bora ungemwambia mapema?" ni U iliyovikwa alama ya kuuliza. Ukurasa wangu ulijaa hizo.

Hatua ya 2: Tafuta kinachokuchokoza. Rudi pale ulipomkatiza mtu. Sekunde chache kabla kulitokea nini? Kwangu ni ukimya. Watu wakinyamaza tumbo hunikaza, nami hurukia kusema. Mwenzangu yeye hawezi kuvumilia mlalamikaji. Andika hivi: "Wakifanya hili, mimi hufanya lile." Kuandika "sina subira" hakukusaidii, maana hakukuonyeshi ni lini.

Hatua ya 3: Uliza wanaokuona. Mwaka 1955 wanasaikolojia Joseph Luft na Harry Ingham walichora dirisha la Johari, mchoro wa unayoyajua wewe na wanayoyajua wenzako kukuhusu; jina lake liliungwa kutokana na yao wawili. Kati ya sehemu zake nne, moja ni ya mambo wanayoyaona wenzako na wewe huyaoni. Hiyo hutaifikia kwa kutafakari peke yako, hata ukeshe. Mwite mtu mmoja faragha umuulize: "Ni wapi nilikuzuia kusema?" Ukiuliza "Nilikuwaje?" utaambiwa "vizuri" na mazungumzo yataishia hapo. Akijibu, shukuru kisha nyamaza. Ukianza kujieleza, hakwambii tena. (Kama wewe pia ndiye bosi wao, mtume mtu mwingine akuulizie.)

Hatua ya 4: Badilisha jambo moja tu, tena waambie. Niliwaambia timu: "Nina ugonjwa wa kujaza ukimya. Mkiniona, inueni mkono." Kisha kila baada ya swali nikahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Sekunde saba hadi kumi ni ndefu kuliko unavyodhani! Kwenye kikao cha tatu nilifika tisa, na yule ambaye hakuwahi kufungua mdomo akasema, "Shida si ratiba. Tunaogopa kukwambia kazi haitaisha."

Rekodi tena baada ya mwezi, uhesabu S na U upya.