Mwongozo na Gemu Katika Kifaa Kimoja: Namna ya Kusoma Maelezo Huku Ukicheza Gemu za Zamani

Katika gemu ya Final Fantasy VI, iliyotoka mwaka 1994 kwa mashine ya Super Nintendo, mchezaji hufika mahali ambapo hana budi kukikimbia kisiwa kinachoelea angani huku saa ikihesabu dakika sita kurudi nyuma. Akifika ukingoni huulizwa kama ataruka au atasubiri. Akiruka papo hapo, Shadow, mmoja wa wapiganaji wake, hupotea na haonekani tena mpaka mchezo unakwisha. Akisubiri hadi zibaki sekunde tano, Shadow hutokea mbio na wote huokoka pamoja. Mchezo wenyewe haumwambii asubiri kwa muda gani, na wengi wetu tulimpoteza Shadow mara ya kwanza. Mwongozo unahitajika dakika hiyohiyo, si jioni ukisharudi nyumbani.

Jibu la haraka ni kutoa simu na kutafuta mtandaoni, nalo linatosha ukiwa umekaa mezani. Ukiwa umebanwa kwenye kiti cha daladala, mikono yote miwili imeshika kifaa cha gemu, simu inakuwa mzigo: bando linaliwa, ujumbe wa makundi unaingia mfululizo, na ukiinua macho umeshasahau ulikuwa unatafuta nini. Ndiyo maana nashauri mwongozo uwekwe ndani ya kifaa kilekile unachochezea, katika kadi ileile ya kumbukumbu, ukiwa umeandaliwa kabla ya safari. Kazi kubwa iko katika maandalizi. Kuusoma wakati wa kucheza ni jambo la kubonyeza vitufe viwili tu.

Kuchagua mwongozo

Kwa vifaa hivi vidogo, mwongozo wa maandishi matupu unashinda kila aina nyingine. Video hazifai, kwa sababu sentensi moja unayoihitaji imefichwa mahali fulani ndani ya dakika ishirini za mtu kuongea. Kurasa za vitabu vya zamani zilizopigwa picha zinapendeza kuangalia, lakini ukurasa mzima ukibanwa ndani ya skrini ya inchi 3.5, herufi zake hugeuka vumbi. Hazina kubwa ya miongozo ya maandishi ni GameFAQs, iliyoanza mwaka 1995, ambako wachezaji waliandika kwa ajili ya wenzao maelezo marefu kama vitabu, pamoja na ramani zilizochorwa kwa vistari, nukta na alama za jumlisha. Maandishi hayo ni mali ya walioyaandika, na wengi wao wanasema hivyo mwanzoni mwa faili, kwa hiyo jihifadhie nakala ya matumizi yako bila kuisambaza kwa jina lako.

Kabla ya kupakua chochote, hakikisha mwongozo unahusu toleo ulilonalo. Final Fantasy VI hiyohiyo iliuzwa Marekani mwaka 1994 kwa jina la Final Fantasy III, na kwa hiyo miongozo yake inaweza kuwa chini ya jina lolote kati ya hayo mawili. Lilipotoka toleo la Game Boy Advance, tafsiri ilirekebishwa na majina ya baadhi ya vitu yakabadilika, na mambo mapya yakaongezwa mwishoni. Mtu anayesoma mwongozo wa toleo moja huku akicheza jingine atatafuta silaha ambayo kwake ina jina tofauti, na atadhani ni yeye aliyekosea njia.

Kuliandaa faili

Sehemu hii wengi huiruka, kisha hulalamika kwamba kusoma kwenye kifaa kidogo hakuwezekani. Waandishi wa miongozo ya zamani walizoea mistari isiyozidi herufi 79, kwa kuwa skrini za maandishi za kompyuta zilikuwa na nafasi 80. Chukua kifaa kama Miyoo Mini Plus, chenye skrini ya inchi 3.5 yenye pikseli 640 kwa 480. Ukitumia fonti ambayo kila herufi ina upana wa pikseli 8, herufi 79 zinachukua pikseli 632, yaani mstari mzima unaingia na zinabaki pikseli 8 tu. Ni kama vile vilipangwa vikutane. Fonti hiyo lazima iwe ya upana sawa, ambayo herufi i na herufi m zinachukua nafasi ileile, la sivyo ramani zilizochorwa kwa alama zitapinda na milango ya pango itaonekana imo ndani ya kuta.

Tatizo ni kwamba herufi ya pikseli 8 kwenye skrini hiyo haifiki upana wa milimita moja. Kijana mwenye macho mazima ataisoma. Mimi huisoma chini ya taa, si kwenye gari linaloruka mashimo. Ukiikuza fonti hadi pikseli 12, zinaingia herufi 53 tu, na hapo kila mstari wa herufi 79 unakatika: mstari mmoja uliojaa, kisha kipande cha herufi 26, kisha uliojaa, kisha kipande tena, ukurasa mzima unakuwa kama meno ya msumeno. Dawa yake ni kuondoa vikomo vya mistari ndani ya aya, ili programu ya kusomea iyakunje maneno yenyewe kulingana na ukubwa wa fonti uliouchagua.

Fungua faili katika kihariri chochote cha maandishi chenye uwezo wa kutafuta na kubadilisha. Kwanza, kila penye vikomo viwili vya mstari vinavyofuatana, ambapo ndipo aya huishia, weka alama isiyotumika kwingineko, kwa mfano @@. Pili, badilisha kila kikomo kimoja kilichobaki kiwe nafasi. Tatu, rudisha @@ ziwe vikomo viwili. Aya zitakuwa zimeungana, na unaweza kukuza fonti utakavyo. Usiyafanye haya kwenye sehemu zenye ramani au majedwali ya bei na nguvu za silaha, kwa sababu yatakorogeka yawe uji. Hizo zikate kwanza uziweke katika faili yake, uzisome kwa fonti ndogo.

Hatua inayofuata ni kuukata mwongozo vipande. Kwenye kompyuta, mwandishi alitarajia msomaji atumie kitufe cha kutafuta, na ndiyo sababu katika yaliyomo utakuta kila sura ina alama ya kipekee, tuseme [B07], ambayo imerudiwa palepale sura hiyo inapoanzia. Kifaa cha gemu hakina kibodi, na kuandika alama hiyo kwa kusogeza kishale herufi baada ya herufi kunamaliza uvumilivu wa mtu. Tumia alama hizohizo kukatia ukiwa bado kwenye simu au kompyuta: tafuta alama ya sura, chukua maandishi mpaka alama ya sura inayofuata, uyahifadhi kama faili inayojitegemea. Zipe faili majina yanayoanza kwa tarakimu mbili, kama 01-mwanzo.txt na 02-mgodi.txt, ili zijipange zenyewe. Ukianza na 1 badala ya 01, programu nyingi zitaiweka 10 kabla ya 2.

Faili za zamani mara nyingi hazikuhifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, kwa hiyo neno kama Pokémon huonyesha alama ya kuuliza katikati. Fungua faili kwa mfumo wake wa zamani, kisha uihifadhi upya kwa UTF-8, na tatizo linakwisha.

Ramani

Ramani za picha zinahitaji hesabu kidogo, nazo zinalipa kuliko kitu kingine chochote. Katika The Legend of Zelda: Link's Awakening, iliyotoka mwaka 1993 kwa Game Boy, kisiwa cha Koholint kimegawanywa katika vyumba 256, kumi na sita kwa kumi na sita, na kila chumba ni pikseli 160 kwa 128. Ramani nzima kwa ukubwa wake halisi ni pikseli 2,560 kwa 2,048. Ukiitazama yote kwa pamoja kwenye skrini ya pikseli 640, huoni hata mlango wa nyumba. Ukiikata vipande 16, vinne kwa vinne, kila kipande kinakuwa pikseli 640 kwa 512, ambacho kinakaribia sana skrini yako. Kipunguze kidogo kifike pikseli 600 kwa 480, na kila mti utaonekana. Vipe majina ya A1 hadi D4, herufi zikienda kutoka juu kwenda chini, na baada ya siku mbili utakuwa unajua bila kufikiri kwamba kijiji kiko kipande gani.

Kuhama kati ya gemu na mwongozo

Vifaa vidogo vinavyotumia mfumo wa Linux, kama Miyoo Mini Plus, huendesha jambo moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ili usome lazima utoke kwenye gemu. Hili halina madhara ukiitumia RetroArch, programu inayoiga mashine za zamani, ambayo inaweza kuigandisha hali ya mchezo unapotoka na kuirudisha unapoingia. Nenda kwenye mipangilio, sehemu iitwayo Saving, uwashe Auto Save State na Auto Load State. Tangu hapo, kutoka na kurudi kunakuchukua sekunde chache, nawe unajikuta palepale, mguu wa mhusika ukiwa bado hewani. Mfumo wa OnionOS wa Miyoo Mini unafanya hivyo wenyewe unapobonyeza kitufe cha Menu, na una programu ya kusomea iitwayo Pixel Reader, inayofungua faili za TXT na za EPUB, yaani vitabu vya kielektroniki.

Onyo moja hapa nalitilia mkazo. Hali iliyogandishwa si sawa na kuhifadhi ndani ya gemu yenyewe. Ukisasisha programu ya kuiga, hali ya zamani inaweza kukataa kufunguka, na saa thelathini za kucheza zikaenda na maji. Kila ukipita mahali pa kuhifadhia ndani ya gemu, hifadhi kama watu walivyofanya enzi za katriji, halafu tumia kugandisha kwa ajili ya kutoka na kurudi tu.

Kwenye vifaa vya Android, kama vile Retroid Pocket 5, unaweza kufungua gemu na kisomaji kwa pamoja, na wengi hukimbilia kugawa skrini mara mbili. Mimi siipendi njia hiyo. Skrini yake ni pikseli 1,920 kwa 1,080, na gemu ya zamani yenye umbo la nne kwa tatu ikijaza urefu wote inachukua pikseli 1,440. Hata ukiisukuma upande mmoja, utepe unaobaki wa pikseli 480 una upana wa sentimita tatu hivi, ambao unasomeka kwa aya zilizoungana lakini hauna nafasi ya jedwali lolote. Ni afadhali kuacha gemu na kisomaji kila kimoja kijaze skrini, uhame kati yake kwa kitufe cha programu za karibuni. Hakikisha tu kwamba RetroArch imewekwa isimamishe mchezo ukiiacha, la sivyo utasoma jinsi ya kumshinda adui huku yeye anakupiga. Wenye Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi, wana raha zaidi, kwa kuwa kitufe cha Steam huwafungulia juu ya mchezo kivinjari na mahali pa kuandika kumbukumbu.

Kuusoma bila kuumaliza utamu

Mwongozo unaofuatwa hatua kwa hatua humgeuza mchezaji kuwa karani. Kabla ya kuanza kucheza, mimi husoma kitu kimoja tu: orodha ya mambo yanayoweza kupotea moja kwa moja, kama habari ya Shadow, nami huyaandika kwa maneno yangu bila kueleza kisa, kwa mfano «kisiwani, ukingoni, subiri sekunde tano za mwisho». Sura nyingine naziacha zimefungwa mpaka nizunguke pango lilelile kwa robo saa bila kuona njia.

Mwisho, tengeneza faili moja fupi kwa vitu ambavyo zamani vilikuwa ndani ya sanduku la gemu. Katika Metal Gear Solid ya mwaka 1998, unaambiwa namba ya redio ya Meryl, mmoja wa wahusika, iko nyuma ya kasha la CD, na mtu anayechezea kifaa cha mkononi hana kasha la kugeuza. Namba ni 140.15. Katika StarTropics ya mwaka 1990, sandukuni mlikuwa na barua halisi ya karatasi iliyotakiwa kulowekwa majini ili maandishi yake yatokeze, nayo ilitoa namba 747. Faili yangu naiita 00-sandukuni.txt, ikae juu ya nyingine zote.