Tope la majitaka kuwa bayochari ya kuchujia maji: ninavyofanya

Bayochari ni makaa yanayopatikana kwa kuunguza kitu bila hewa. Tope lililokwisha kukamuliwa bado lina takriban asilimia 80 ya maji. Ukiliingiza tanurini hivyo, moto wote utaishia kwenye mvuke.

1. Kausha. Vaa glavu, buti na barakoa, maana mayai ya minyoo huishi muda mrefu humo. Tandaza tabaka la sentimita chache kwenye sakafu ya saruji, chini ya paa linalopitisha mwanga, ugeuze kila siku. Vunja kipande: kikikatika kwa mlio, endelea, kikijikunja, kirudishe juani.

2. Unguza bila hewa. Tumia chombo cha chuma chenye mfuniko unaobana na bomba moja la gesi. Elekeza bomba hilo motoni, kwani gesi hiyo ina lami na harufu kali. Ikiungua, moshi hupungua sana. Shikilia nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi kwa saa moja. Kisha usifungue mpaka chombo kipoe kabisa. Niliwahi kufungua jioni ileile. Asubuhi nilikuta jivu.

3. Ponda, chekecha, osha. Bakiza chembe za milimita 0.5 hadi 2, kwa sababu unga huziba chujio. Osha mpaka maji yatoke maangavu, na maji hayo uyarudishe kwenye mfumo wa majitaka.

4. Pima kabla ya kuiamini. Hapa sikubali njia ya mkato. Tofauti na makaa ya miti, nusu ya uzito wa bayochari hii au zaidi huweza kuwa jivu lenye kalsiamu, chuma na fosforasi. Jivu hilo husaidia kunasa metali ya risasi, lakini fosforasi yake inaweza kuvujia kwenye maji unayoyasafisha. Shaba na zinki zilizokuwa kwenye tope nazo hubaki humo, tena kwa wingi zaidi kwa kila kilo, kwa kuwa tope limepungua uzito. Zebaki ndiyo hutoroka na gesi, kwa hiyo tope la eneo lenye viwanda vya metali mimi siligusi. Loweka gramu 100 katika lita moja ya maji safi, tikisa kwa saa 24, chuja, upeleke maji hayo maabara yapimwe metali na fosfeti.

5. Jaza chujio. Weka kokoto chini, mchanga, kisha bayochari. Mara ya kwanza ingiza maji kutoka chini yasukume hewa nje. Yapitishe polepole.

Itumie kwa maji ya rangi za viwandani au majitaka yaliyokwisha kutibiwa, si ya kunywa. Rangi ikianza kupenya, badilisha. Na ile iliyonasa metali usiimwage shambani.