Usikariri moyo, upasue: somo la mzunguko wa damu kwa wanaoanza anatomia

Mifupa 206 mnaikariri vizuri, na mfumo wa chakula mnaupita bila shida. Mkifika kwenye moyo ndipo mambo yanapoharibika: kulia kunakuwa kushoto, vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) inakuwa ateri (mshipa unaoitoa moyoni). Kuuchora mchoro uleule mara ya kumi hakutakusaidia. Ushike moyo wenyewe. Wa mbuzi una vyumba vinne na vali nne (milango ya kupitisha damu upande mmoja tu) kama wako, na bei yake haiumizi mfuko wa mwanafunzi.

Hatua ya 1: Upate moyo mzima

Nenda Burma, soko la nyama hapa Nairobi, au bucha ya mtaani kwenu asubuhi, kabla matumbo na maini hayajaisha. Mwambie muuzaji mapema kwamba unautaka na mishipa yake ya juu, maana wengi huikata na kuitupa kwa kuwa hailiki. Wa ng'ombe ni mkubwa na unaonekana vizuri zaidi, ila mara nyingi utaukuta umeshachanjwa: mkaguzi wa nyama huupasua akitafuta vifuko vya tegu. Kwa hiyo mimi hupendelea wa mbuzi.

Vingine ni kisu kikali, glavu, sinia na mirija michache ya kunywea soda.

Hatua ya 2: Jua kulia na kushoto kabla ya kugusa kisu

Uoshe kwa maji baridi, ukamue mabonge ya damu. Ulaze ncha ikielekea kwako. Upande wa mbele una mfereji uliojaa mafuta, unateremka kwa mshazari. Ndani ya mafuta hayo imepita ateri inayoulisha moyo wenyewe. Sasa bonyeza huku na huku kwa kidole gumba. Upande mmoja mgumu, haubonyei: ndio wa kushoto. Mwingine unaingia ndani kirahisi: wa kulia.

Mfereji ukikutazama, kushoto kwa moyo kutakuwa mkono wako wa kulia. Kulia na kushoto ni kwa mwenye mwili, si kwa anayeutazama. Alama nyingi za mtihani hupotelea hapa.

Hatua ya 3: Mirija na maji

Ingiza mrija katika kila tundu la juu, uone unatokea chumba gani. Vena zina kuta nyembamba, hulala. Ateri kuta zake ni nene na nyeupe, husimama wazi zenyewe. Iliyoko mbele inaingia ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini cha kulia: hiyo ni ateri ya mapafu. Iliyo nyuma yake, nene kuliko zote, ni aota, ateri kuu inayopeleka damu mwilini.

Mimina maji ndani ya aota, taratibu. Kama vali haijachanika, maji yatasimama. Chungulia: vifuko vitatu vimejaa, kingo zake zimekutana katikati, havipitishi maji kurudi chini. Juu yake kidogo kuna matundu mawili madogo, ndiyo milango ya ateri za moyo. Likizibwa tawi la ateri hizo, nyama inayolitegemea huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Hatua ya 4: Pasua

Kata ukuta wa ventrikali ya kulia sambamba na mfereji, sentimita moja pembeni. Utaona vali yenye vipande vitatu imefungwa na nyuzi nyeupe, mfano wa kamba za mwavuli wa kurukia kutoka kwenye ndege. Zivute. Nyuzi hizo huzuia vali isipinduke juu moyo unapobana.

Pasua kushoto vilevile, kisha linganisha kuta. Wa kushoto ni mnene takriban mara tatu. Wa kulia unasukuma damu hadi mapafuni tu, kwa shinikizo la milimita 25 hivi za zebaki. Wa kushoto hufikia 120, kwa kuwa unailisha miguu na ubongo.

Sasa pitisha kidole njia nzima: vena kuu, atiria (chumba cha juu) ya kulia, ventrikali ya kulia, ateri ya mapafu, mapafu, vena za mapafu, atiria ya kushoto, ventrikali ya kushoto, aota. Kisha papasa ukuta wa kati. Hakuna tundu, ingawa Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale, aliaminisha watu kwa zaidi ya miaka elfu moja kwamba damu hupenya hapo. Tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis alimpinga akiwa Cairo katika karne ya 13: damu sharti ipitie mapafuni. Daktari Mwingereza William Harvey alieleza mzunguko mzima mwaka 1628.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, ateri ya mapafu imebeba damu isiyo na oksijeni ya kutosha. Mbona basi ni ateri?*

Kwa sababu inaondoka moyoni. Ateri hutoka, vena hurudi. Oksijeni haihusiki na jina.

*Kwa hiyo damu ya vena ni ya bluu kama kitabuni?*

Hapana. Ni nyekundu iliyokolea. Bluu ni rangi ya mchoraji.

*Nimetoka Mombasa juzi. Ngazi za hosteli hapa Nairobi zinanimaliza. Moyo wangu una shida?*

Kwa kijana mzima, ukiwa mgeni, hiyo huwa ni mwinuko. Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila shinikizo la hewa ni dogo, hivyo kila pumzi inaingiza kidogo. Moyo hufidia kwa kupiga haraka, na figo hutuma homoni ya kuuambia uboho utengeneze seli nyekundu zaidi. Jipe wiki kadhaa. Lakini ukiumwa kifua, ukizimia au ukivimba miguu, usisubiri, nenda ukapimwe.

*Nimesikia wa nguruwe ndio unaofanana zaidi na wetu. Mimi ni Mwislamu.*

Ni kweli unafanana zaidi, lakini kwa somo hili wa mbuzi unatosha kabisa ndugu yangu.

*Tukimaliza tunaweza kuupika?*

Kama kisu, sinia na glavu vilikuwa safi na mmemaliza upesi, pikeni na vitunguu. Ukishinda mezani mchana kutwa mkibishana kulia na kushoto, tupeni.