Kabla hujaagiza mayai ya mkoani umwekee kuku wako, anza na kuku

Kila baada ya siku mbili tatu kuna mtu ananitafuta, "dada nimepata mtu mkoani anauza mayai ya kuku wa aina ya kuchi ya kutotolesha, nitume hela?" Na mimi swali langu ni lilelile, kuku wa kuyalalia yuko wapi? Akinijibu "yupo yupo, anaonekana kama anataka kuatamia", namwambia hela ikae kwanza kwenye simu yako.

Kutaka kuatamia na kuatamia ni vitu viwili. Anayetaka atakaa kiotani mchana, jioni unamkuta juu ya fito na wenzake kama hakuna kilichotokea. Aliyeatamia kweli analala humohumo usiku, ukipeleka mkono anatuna manyoya anakuwa kama mto, anakoromea kwa ile sauti ya ugomvi na kukudonoa juu, ukimpapasa chini ya kifua unakutana na ngozi tupu ya moto maana manyoya ameshayanyonyoa, na kinyesi chake anakishusha kwa mkupuo mmoja, bonge kubwa lenye harufu ambayo ukishaisikia mara moja huiulizi tena. Mwekee mayai matatu manne ya dukani, yale ya kizungu, akae nayo siku tatu usiku na mchana. Akipita mtihani huo ndo uongee na muuzaji.

Na muuzaji muulize bila aibu. Yametagwa lini? Yai likishapita siku 7 uwezo wake wa kutotoa unaanza kushuka, na siku za njiani nazo zinahesabika, kwa hiyo mtu akikusanya trei wiki mbili afu ndo akutumie, umenunua mayai ya kukaanga kwa bei ya mbegu. Akutumie video ya jogoo akiwa na matetea, leo, siyo picha aliyoitoa kwa mtu mwingine. Asiyaoshe, ganda lina utando wake unaozuia vijidudu kuingia. Na yafungwe moja moja kwa gazeti, ncha nyembamba chini, yasimame kwenye trei, nafasi zote zijazwe maranda au pumba za mpunga mpaka ukitikisa boksi husikii kitu. Mwambie amuombe kondakta boksi likae juu karibu yake, lisitupwe kwenye buti upande wa injini, kule ni jiko. Kondakta anaweza kukubali mbele ya mteja na bado akalisukuma huko, ndo maana unaongezea elfu mbili ya soda na unachukua namba yake.

Yakifika usiyaweke chini ya kuku usiku huohuo hata kama una hamu. Yametikiswa kutwa nzima, kile kifuko cha hewa upande mnene kinakuwa kimelegea, ukimulika kwa tochi unaona povu linatembea ndani. Yasimamishe kwenye trei, ncha nyembamba chini, chumba kisichopigwa jua, usiyageuze, yatulie mpaka kesho yake jioni. Ila yasilale wiki. Yai la mbegu linapenda kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi kama 15 hadi 18, na Dar yetu hii mwezi wa pili unacheza na nyuzi 30 na ushee, kwa joto hilo mtoto ndani anaanza kuamka nusunusu afu anakufa. Friji nalo la nyumbani ni baridi mno. Ndo maana nasema kuku awe tayari kabla, ukiweza fanya mambo haya Juni mpaka Agosti, kipupwe kinakusaidia.

Sasa sikia kilichonipata mimi.

Niliagiza mayai 20 ya singamagazi kutoka Tabora. Wale kuku wenye miili mikubwa, nilikuwa nimewaona kwa shemeji yangu nikapata wazimu. Elfu moja mia tano kila yai, nauli ya boksi juu. Basi lilitoka Tabora alfajiri likaingia stendi ya Magufuli Mbezi saa nne usiku, nikalipokea mwenyewe, nikapanda nalo bodaboda mpaka Chanika nimelipakata kama mtoto mchanga, kila tuta namwambia dereva taratibu kaka. Likafunguliwa, mawili tu ndo yamepasuka. Nikayatuliza kama inavyotakiwa. Kuku ninaye, mama mmoja mweusi, mzoefu, ameshalea mara tatu, alikuwa ameatamia siku ya tano kwenye karai bovu chini ya ngazi nyuma ya nyumba.

Mimi nikaona karai halina hadhi. Mayai ya elfu thelathini yakae kwenye karai? Nikamtengenezea boksi la mbao stoo, mchanga chini, nyasi kavu juu, zuri mpaka mume wangu akanitania kwamba yeye hajawahi kutandikiwa hivyo. Nikagawa mayai, 10 yake, 8 nikampa tetea mwingine wa jirani. Usiku nikambeba mama mweusi, nikamweka juu ya yale 10, nikafunga mlango. Siku tatu nikamfungia humo na maji na mahindi ya kuparaza, akatulia tuli. Nikasema ameshazoea.

Siku ya nne naondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi Kariakoo kabla ya foleni, nikamwachia mlango wazi ili atoke ajinyooshe. Kuku akiatamia anatoka mara moja kwa siku, robo saa, dakika ishirini, anakula, anaoga vumbi, anarudi. Nikajua atarudi.

Na alirudi. Nimeingia nyumbani saa tatu usiku, naenda stoo na tochi, boksi limekaa wazi, mayai 10 yamejipanga yenyewe, nikaweka kiganja juu yake, yamepoa kama sahani. Nikatoka mbio nikidhani paka au kicheche kamchukua. Nikamkuta kwenye karai. Ametuna, amefumba jicho moja, analalia kokoto na kipande cha sufuria, kwa bidii zote, nilipomgusa akanidonoa kabisa kwa kujitetea. Hatua nane kutoka stoo, nilizihesabu.

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Kuku hajui mayai yake, anajua mahali pake. Kichwani mwake kiota ni lile karai chini ya ngazi, na alikuwa sahihi, mimi ndo nilihama bila kumwambia. Nikamrudisha usiku uleule, nikafunga mlango, lakini siku ya nne damu ndo inajijenga, saa kumi na tano bila joto siyo mchezo. Siku ya kumi nilimulika, sita yana pete ya damu, ule mstari mwekundu unaozunguka ndani kama umechorwa kwa kalamu, maana yake mtoto alianza afu akafa. Moja halikuwa na kitu. Matatu yana mishipa. Yakatotoa mawili. Yule tetea wa jirani, ambaye hakuhamishwa popote, alikaa kwenye kapu lake la siku zote akatoa vifaranga watano kwenye yale manane, na mayai yaliyosafiri hivyo ukipata nusu shukuru.

Kwa hiyo: kama unataka aatamie stoo, mhamishe akiwa bado na mayai ya majaribio, usiku, umfungie, afu umfungulie wewe ukiwepo, Jumamosi au Jumapili, ukae pale na kiti chako uone anarudi wapi. Akirudi penyewe siku mbili mfululizo, weka mayai ya kweli, usiku vilevile, yale ya majaribio ukiyatoa. Akikurudia kwenye karai, basi muwekee kwenye karai, na heshima yako iweke pembeni.

Mengine ni ya haraka. Usimpe zaidi ya 10 au 12, akishindwa kuyafunika kila siku kuna moja linakaa nje na kila siku siyo lilelile, yote yanaharibika kwa zamu. Yazungushie mstari wa penseli (siyo maka pen) maana matetea wengine watakuja kutaga humohumo, lisilo na mstari unalitoa unakula. Tarehe iandike ukutani kwa chaki, kichwani utaisahau, siku 21.

Utitiri. Banda likiwa na utitiri kuku ataamka hata siku ya 19, hakuna upendo wa mama unaoshinda utitiri. Choma kiota cha zamani, weka nyasi mpya, nyunyiza jivu au dawa ya unga kabla hajakaa. Chanjo ya kideri awe ameshapewa mapema, ile ya tone jichoni kila miezi mitatu, usingoje wa jirani waanze kufa.

Mulika siku ya 7 na siku ya 14, usiku, tochi ya simu na roli ya tishu iliyoisha. Lenye mishipa linarudi, jeupe tupu linatoka, linalonuka usilitikise, litakupasukia usoni. Kuanzia siku ya 18 mikono mfukoni. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kuchukua siku nzima kutoka, usimsaidie, mimi nilimsaidia mmoja akatoka na damu akafa mkononi. Na mayai yaliyosafiri hayatotoi pamoja, wa kwanza wakishaanza kutembea mama anataka kutoka nao, kwa hiyo wazuie humo ndani angalau siku mbili, kifaranga ana kiini tumboni hawezi kufa njaa kwa siku hizo.

Sisimizi nusu nisahau. Ganda likitobolewa harufu inawaita, wanaingia kwenye kile kitundu. Miguu ya boksi isimame kwenye makopo yenye maji na tone la mafuta ya taa. Panya nao. Kunguru wa mji huu ndo usiseme, anakaa juu ya waya wa umeme anahesabu, vifaranga wasitoke bila tenga wiki nne za mwanzo. Maji kwenye kisosi chenye vijiwe, wasizame. Mbwa wa mtaani, mvua za masika zinazoingia chini ya mlango, gari la baba mwenye nyumba linaporudi nyuma, na watoto wa jirani wanaotaka kushika, hao waambie kabla hata vifaranga hawajatoka.