Muvi imefika asilimia mia, flashi bado inaandika

Kazi yangu ni kuwaingizia watu muvi na nyimbo kwenye flashi, na laptopu ya kibandani ina Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Windows niliiacha kwa sababu ya vile virusi vinavyoficha mafaili na kuacha shotikati tupu. Flashi za wateja zimejaa hivyo vitu. Ila Ubuntu nayo ina lake. Unakopi muvi ya GB 1.4, mstari unakimbia hadi mwisho mara moja, mteja kashanyoosha mkono: "Kaka, si tayari hiyo?"

Bado, dada. Tazama taa ya flashi, inapepesa.

Muvi imeingia RAM tu, ile kumbukumbu ya muda ya laptopu. Linux kwa kawaida inaruhusu data inayosubiri kuandikwa ifike hadi asilimia 20 ya RAM iliyo wazi, na kwenye mashine ya GB 8 hiyo yaweza kuwa GB 1 na zaidi. Flashi ya bei chee inayoandika MB 5 kwa sekunde itahitaji dakika tatu au nne kumaliza mzigo huo uliobaki njiani, na mstari haukuambii. Fungua terminali uone mwenyewe:

watch grep -e Dirty -e Writeback /proc/meminfo

Dirty ni mzigo unaosubiri zamu, Writeback ni ule unaoandikwa sasa hivi. Ukichomoa Dirty ikiwa bado na laki kadhaa za KB, mteja atafika nyumbani na muvi nusu.

Wajuaji watakushauri umaunti flashi (yaani uiunganishe na mfumo) kwa chaguo la sync, kila kitu kiandikwe papo hapo. Usithubutu. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa mafaili uitwao FAT32, na FAT32 ina jedwali linaloonyesha kila kipande cha faili kiko wapi, tena kwa nakala mbili. Kwa sync, kila kipande kipya kikiongezwa jedwali linaandikwa upya. Muvi ya MB 700 kwenye flashi yenye vipande vya KB 16 ina vipande 44,800. Piga hesabu jedwali limeguswa mara ngapi kwa muvi moja. Na chipu ya flashi haifuti neno moja ikaandika lingine juu yake kama ubao wa darasani. Inafuta bloku nzima, na kila bloku ina idadi ya kufutwa kabla haijachoka. Kwa hiyo unapata kasi ya konokono na flashi inayokufa mapema. Hata mwongozo wa amri ya mount wenyewe unaonya kwamba sync inaweza kufupisha maisha ya flashi.

Chaguo la busara ni flush: data inaanza kuandikwa mapema, bila ule ukali wa sync. Ukichomeka flashi ya FAT32 kwenye Ubuntu, kwa kawaida flush ipo tayari. Hakikisha kwa findmnt -t vfat (vfat ndilo jina la FAT32 kwenye Linux). Kwenye exFAT, mfumo mwingine wa mafaili, hutaikuta, na wateja wenye mafaili ya zaidi ya GB 4 wote wako huko, kwa kuwa FAT32 haiyabebi.

Ndiyo maana mimi nimebana foleni yenyewe. Tengeneza faili /etc/sysctl.d/99-flashi.conf, uandike ndani:

vm.dirty_background_bytes = 16777216
vm.dirty_bytes = 50331648

Kisha sudo sysctl --system. Sasa kinachosubiri hakizidi MB 48, yaani sekunde kama kumi kwa flashi ya MB 5. Mstari unatembea polepole, lakini unasema kweli, na mteja anaona kazi inavyokwenda.

Mwisho wa kukopi bado unatoa flashi kwa utaratibu: bofya alama ya kutoa, au udisksctl unmount -b /dev/sdb1. Jina la flashi yako litazame kwanza kwa lsblk, usije ukataja diski nyingine.

Wa Windows mna nafuu. Tangu toleo 1809 la Windows 10, mwaka 2018, flashi huwekwa kwenye Quick removal (kuchomoa haraka) bila wewe kugusa kitu, na kashe ya kuandika, ile foleni ya data kwenye RAM, inazimwa. Hata hivyo subirini taa itulie.

Jambo moja: mpangilio wangu unabana diski zote, hata ya ndani. Siku ya kuhamisha mafaili makubwa kwenye diski ya ndani na ukiona inakokota, rudisha kwa sudo sysctl -w vm.dirty_background_ratio=10 vm.dirty_ratio=20; ukiwasha upya mashine, zile MB 48 zinarudi.