Somo: Kubadili SSD ya ThinkPad T480 bila kuongeza joto wala kumaliza betri

Wakuu, kabla ya kutazama kasi ya SSD (diski ya kuhifadhi data isiyo na sehemu inayozunguka), soma lebo yake. Ikiandikwa 3.3V 2.5A, zidisha: wati 8.25. Huo ni upeo wake, haifiki hapo kila dakika. Kinachomaliza betri ni wati inazokula ikiwa haina kazi. Betri mbili za T480 zenye jumla ya 48 Wh (wati-saa), leptopu ikila wati 6, hukaa saa 8. Ongeza wati 1 tu, hata saa 7 hufiki.

Pia, nafasi ya diski humo ni PCIe 3.0 (aina ya njia ya kupitishia data) ya njia 2. Haivuki 2 GB kwa sekunde. Diski ya 7 GB kwa sekunde hapo ni kutupa hela. Chukua ya kawaida, yenye chipu upande mmoja.

1. Nakili data zako, chomoa chaja, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine (bonyeza F1 inapowaka): Config, Power, Disable Built-in Battery. Itajizima. Kisha toa betri ya nje. Usiruke hatua hii. Skrubu ikidondoka kwenye ubao wenye umeme, umeua mashine.

2. Legeza skrubu za kava la chini, libandue kwa kadi ya plastiki. Usitumie bisibisi, inavunja vishikizo.

3. Toa fremu ya diski. Iliyokuja na SATA ya inchi 2.5 inahitaji fremu ya adapta ya M.2 (umbo la SSD nyembamba kama kadi), nunua mapema.

4. Chomeka SSD mpaka meno ya dhahabu yasionekane. Usibandue lebo: waranti inakufa, na baadhi zina karatasi ya shaba ya kusambaza joto.

5. Ukiweka pedi ya joto (kipande laini cha kuhamisha joto), pima nafasi kwanza, anza na 0.5 mm. Pedi nene inapinda SSD.

6. Funga, chomeka chaja ili betri ya ndani iamke.

Pima joto kwa programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows, au kwenye Linux `sudo smartctl -a /dev/nvme0`. Nyuzi 60 hadi 70 wakati wa kunakili ni sawa. Zikipita 80, nyingi hujipunguzia kasi.

Swali: Nikinakili faili la GB 100 kasi inaanguka katikati. Ni joto?
Jibu: Tazama nyuzi wakati huohuo. Zikiwa 60, akiba ya SLC (sehemu ya diski inayopokea data kwa kasi kwanza) imejaa tu, hasa kama diski inakaribia kujaa. Pedi haitasaidia.

Swali: Heatsink (bamba la chuma la kupoza) ya kompyuta ya mezani itaingia?
Jibu: Kava halitafunga.

Swali: Linux inamaliza betri kuliko nilivyokuwa na SSD ya zamani.
Jibu: Mkuu, endesha `cat /sys/module/nvme_core/parameters/default_ps_max_latency_us`. Ikitoa 0, diski imezuiwa kulala. Wengi hunakili mpangilio huo kutibu kuganda. Uondoe kwenye GRUB (programu inayowasha Linux). Ikiganda tena, weka 5500: kwa diski nyingi inazuia usingizi mzito pekee.